Mashine Iliyotoka Chuo Kikuu: Nani Alipata Faida, Nani Alipoteza Kazi?

Katika mikutano ya matawi tumekuwa tukiulizwa swali moja mara kwa mara na wachuma chai, wakata miwa na wenzetu wa viwandani. Mashine mpya inapoletwa, mwajiri husema kwa kifupi, "Haya ni maendeleo ya sayansi." Nao wafanyakazi huuliza: sayansi hii ni ya nani? Aliyeivumbua alilipwa na nani? Na fedha zinazotokana nayo huenda wapi? Kwa kuwa wengi wetu tuliishia shule ya msingi, swali hilo hubaki hewani, mkutano ukafungwa, watu wakarudi makambini.

Safari hii tumeamua kulijibu kadiri tuwezavyo. Mashine nyingi, dawa nyingi na mbegu nyingi hazikuanzia kiwandani. Zilianzia katika chuo kikuu, mara nyingi kwa fedha za kodi ya wananchi, kisha zikapelekwa sokoni. Tutaieleza njia yake hatua kwa hatua. Tutakaa zaidi kwenye kisa cha mashine ya nyanya ya California, huko Marekani, maana kisa hicho kinafanana sana na mambo tunayoyaona kwetu.

HATAZA NI KITU GANI?

Hataza ni hati ya serikali. Serikali humwambia mvumbuzi hivi: eleza wazi jinsi kitu chako kinavyofanya kazi, uandike ili kila mtu aweze kusoma, nasi tutawakataza watu wengine wote wasikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yako kwa muda maalumu. Siku hizi muda huo katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi. Muda ukiisha, kitu hicho ni cha watu wote.

Mwenye hataza anaweza kutengeneza kitu hicho mwenyewe, au akampa mwingine ruhusa kwa malipo. Ruhusa hiyo huitwa leseni, na malipo yake huitwa mrabaha. Leseni ni za aina mbili, na ni lazima tuzishike vizuri aina hizo, maana ndipo ilipo siri ya mambo mengi. Aina ya kwanza hupewa kampuni moja tu, na wengine wote wakafungiwa nje. Aina ya pili hupewa kampuni yoyote iliyo tayari kulipa. Ikiwa ni ya kwanza, kampuni ile moja hupanga bei itakavyo. Ikiwa ni ya pili, kampuni hushindana na bei huweza kushuka.

Chuo kikuu hakina kiwanda. Kina maprofesa, maabara na mashamba ya majaribio. Kwa hiyo njia yake ni hii. Profesa anavumbua kitu na kuiarifu ofisi ya chuo inayoshughulikia hataza. Ofisi inapima kama kitu hicho kitapata mnunuzi. Kikionekana kinafaa, inawalipa wanasheria waombe hataza, kisha inatafuta kampuni. Kampuni inachukua leseni, inakimalizia kitu mpaka kiwe bidhaa ya kuuzwa, na inalipa chuo mrabaha. Chuo nacho kinagawa fungu kwa mvumbuzi, fungu kwa idara yake, na fungu kwa chuo chenyewe.

Tusidhani kwamba kila hataza ni mgodi wa dhahabu. Hataza nyingi za vyuo hazirudishi hata gharama ya wanasheria. Chache tu ndizo zinazoleta mamilioni. Lakini katika mgawo huo wote, uwe mkubwa au mdogo, angalieni ni nani hayumo. Mwananchi aliyelipa kodi hana fungu, wala mfanyakazi atakayesukumwa kando na mashine hana.

MWANZO WAKE: MAZIWA NA SIAGI YA MASKINI

Mpango huu ulianza zamani. Mwaka 1924 Profesa Harry Steenbock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alivumbua kwamba chakula kikimulikwa kwa aina fulani ya mwanga hupata vitamini D, ile inayozuia watoto wasipate mifupa laini na miguu ya matege. Kampuni moja ya vyakula ilitaka kumpa karibu dola 900,000 ili iwe na uvumbuzi huo peke yake. Alikataa. Mwaka 1925 kikaundwa chombo maalumu kando ya chuo cha kushika hataza yake na kutoa leseni, na fedha zilizopatikana zikarudi kwenye utafiti. Vyuo vingi vilikuja kuiga mfano huo.

Hapo Steenbock alistahili kusifiwa. Lakini tazama kilichofuata. Wisconsin ni nchi ya ng'ombe na siagi. Chombo kile kiliwanyima leseni watengenezaji wa majarini, kwa sababu majarini ilikuwa ikishindana na siagi. Na majarini ndiyo iliyokuwa siagi ya watu maskini, ambao watoto wao ndio waliopata matege kuliko wengine. Jambo hilo lilifika mahakamani, na katika miaka ya 1940 hataza hiyo ikabatilishwa. Basi tangu mwanzo wake mpango huu ulikuwa na sura mbili: uvumbuzi mwema, na mkono unaoamua nani aufaidi na nani asiufaidi.

Wakati huohuo palikuwa na njia nyingine. Huko Toronto, Kanada, wavumbuzi wa insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari, waliiuzia hataza yao Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola 1 kila mmoja. Walitaka dawa itengenezwe vizuri, na asitokee mtu mmoja wa kuimiliki.

KISA CHA NYANYA ZA CALIFORNIA

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Katika miaka ya 1950, nyanya za viwanda vya California, zile za kutengenezwa sosi na za kutiwa makoponi, zilichumwa kwa mkono. Wachumaji wengi walikuwa vibarua wa Meksiko walioletwa kwa mapatano ya serikali mbili, katika mpango ulioitwa Bracero ulioanza mwaka 1942. Kibarua alikuja wakati wa msimu, akainama juani kutwa nzima, akabeba makreti yenye uzito wa zaidi ya kilo 20, na msimu ukiisha akarudishwa kwao. Hakuwa na chama cha kumtetea, na aliyelalamika angeweza kurudishwa kabla ya siku zake. Mwaka 1960, kazi ilipopamba moto, wachumaji walifika karibu 45,000, na wanane katika kila kumi walikuwa vibarua hao. Walichuma tani milioni 2.2.

Katika Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, walikuwapo watu wawili. Mmoja alikuwa Jack Hanna, mtaalamu wa mboga. Mwingine alikuwa Coby Lorenzen, mhandisi wa vyombo vya kilimo. Tangu miaka ya 1940 Hanna alikuwa akitafuta mbegu ya nyanya inayoweza kuvunwa kwa mashine, na wengi hawakuamini kwamba ataipata. Kila mwenye bustani anajua sababu. Nyanya ya kawaida ni laini, na haiivi yote siku moja. Leo huiva hii, kesho ile. Mashine ikipita mara moja itaponda zilizoiva na kung'oa mbichi.

Kwa hiyo nyanya na mashine vilitengenezwa pamoja. Hanna alizalisha nyanya yenye ganda gumu, inayoiva karibu yote kwa wakati mmoja, na inayoachia kikonyo upesi ikitikiswa. Ikaitwa VF-145. Lorenzen naye akaunda mashine ya kukata mmea mzima usawa wa ardhi, kuuinua, kuutikisa mpaka nyanya zidondoke, na kuzipitisha kwenye mkanda mbele ya wafanyakazi waliopanda juu ya mashine. Wafanyakazi hao, wengi wao wanawake, walitoa zilizo mbichi, zilizooza na madongo ya udongo, huku wakitikiswa na kula vumbi kutwa. Nyanya nzuri ziliingia katika tela.

Kazi hii ilichukua miaka mingi, na ilifanyika katika chuo cha umma, chini ya mishahara iliyotokana na kodi pamoja na misaada ya watu wa biashara ya nyanya. Chuo kikapata hataza ya mashine, na leseni ikapewa kampuni ya Blackwelder ya mji wa Rio Vista, ambayo ilianza kuziunda na kuziuza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kukilipa chuo mrabaha. Njia yote tuliyoieleza hapo juu, kutoka kwa profesa hadi sokoni, ilitimia.

Mwanzoni wenye mashamba hawakuzikimbilia. Kibarua wa Meksiko alikuwa rahisi kuliko mashine. Lakini vyama vya wafanyakazi, makanisa na wengineo walipiga kelele kuhusu mateso ya vibarua, na mpango wa Bracero ukamalizika tarehe 31 Desemba 1964. Mara moja mambo yakageuka. Mwaka 1963 mashine zilivuna kiasi kidogo sana, chini ya tani 2 katika kila tani 100. Mwaka 1968 zilivuna karibu tani 95 katika kila 100. Katika miaka mitano tu kazi ya mkono ilikwisha. Hili nalo ni funzo: mwajiri hukumbuka mashine siku ile kazi ya bei ya chini inapokosekana.

WALIOBAKI NJE YA UZIO

Katika miaka ya 1970 mashine moja iligharimu zaidi ya dola 50,000. Mkulima mdogo hakuweza kuinunua, na bila mashine hakuweza kuuza kwa bei ya wenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 California ilikuwa na wakulima wa nyanya za viwanda karibu 4,000. Kufika mwaka 1973 walibaki karibu 600. Nyanya zilizidi kulimwa, lakini zilikuwa mikononi mwa wachache.

Kwa upande wa wafanyakazi, ilikadiriwa kwamba kufika mwisho wa miaka ya 1970 kazi 32,000 zilikuwa zimepotea. Wale wanawake wa juu ya mashine nao hawakusalimika. Katikati ya miaka ya 1970 vililetwa vyombo vya umeme vyenye jicho la kutambua rangi ya nyanya, vikizitupa mbichi vyenyewe, na kwenye mashine iliyokuwa na watu kumi na zaidi wakabaki wachache. Kufika mwaka 2000, wafanyakazi karibu 5,000 walitosha kwa mavuno ya zaidi ya tani milioni 10.

Ni lazima tuseme ukweli wote, hata ule unaompendeza mwajiri. Kuchuma nyanya kwa mkono ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na hatuwezi kudai kwamba mtu abaki ameinama maisha yake yote. Mashine ilipunguza gharama kwa dola 5 hadi 7 kwa kila tani. Mazao yaliongezeka mara kadhaa, na kwa sababu hiyo viwanda vya makopo, malori na maghala vilipata kazi zaidi. Wenye mashamba walisema kwamba bila mashine kilimo chote cha nyanya kingehamia Meksiko. Hayo yana uzito wake.

Lakini sikilizeni jambo hili. Mwaka 1970 wataalamu wawili wa uchumi wa chuo hichohicho cha California, Andrew Schmitz na David Seckler, walipiga hesabu ya faida na hasara za mashine ile. Waliona kwamba faida ilikuwa kubwa kiasi kwamba wafanyakazi waliopoteza kazi wangeweza kulipwa fidia, na bado faida ikabaki. Fidia hiyo haikulipwa. Basi ndugu zetu, mtu akituambia "hatuna uwezo wa kuwalipa", tukumbuke hesabu hiyo. Fedha zilikuwapo. Vibarua wale hawakuwa na chama, hawakuwa na mkataba, na wengi walikuwa wamekwisha kurudishwa kwao. Hapakuwa na mkono wa kuzidai.

KESI YA MWAKA 1979

Wafanyakazi wa mashambani hawakunyamaza moja kwa moja. Cesar Chavez na chama chake cha United Farm Workers walisema wazi kwamba utafiti unaolipiwa na umma hauna budi kuwafaa wafanyakazi pia, si wenye mashamba peke yao.

Mwaka 1979 wanasheria wa msaada wa watu maskini wa mashambani walikishtaki Chuo Kikuu cha California kwa niaba ya kikundi cha wakulima wadogo na wafanyakazi kiitwacho California Agrarian Action Project, pamoja na wafanyakazi kadhaa. Hoja yao ilikuwa rahisi. Fedha za umma zimetumika kuwatajirisha watu wachache, na kuwaumiza wafanyakazi, wakulima wadogo na walaji. Walitaja sheria ya Marekani ya mwaka 1887 inayotoa fedha za utafiti wa kilimo, wakasema fedha hizo zilikusudiwa kuwasaidia watu wa mashambani kwa jumla. Mwishoni mwa mwaka huohuo Waziri wa Kilimo wa Marekani, Bob Bergland, naye alisema hapendi fedha za serikali ziendelee kulipia utafiti wa kuondoa kazi za mashambani.

Chuo kilijitetea kwamba kikikubali madai hayo, itabidi kiache kila utafiti wenye matumizi, kwa sababu hakuna mvumbuzi anayeweza kujua mbele ni nani atakayefaidika na ni nani atakayeumia. Kesi iliburutwa kwa miaka mingi. Mwaka 1987 jaji aliamua kwamba chuo kiweke utaratibu wa kuhakikisha fedha zile zinawajali wakulima wadogo. Mwaka 1989 mahakama ya rufani ikaitengua hukumu hiyo, na chuo kikashinda.

Je, kesi ile ilikuwa bure? Sisi hatuoni hivyo. Mwaka uleule wa 1979 chuo kilianzisha mpango wake wa kuwasaidia wakulima wadogo. Na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba mashine ile ilishuka kutoka mbinguni. Watu wote walijua ni nani aliyeilipia. Lakini angalieni tarehe: mashine zilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kesi ikaletwa mwaka 1979. Walidai wakati nyanya zilikuwa zimekwisha kuvunwa mara nyingi.

SHERIA YA MWAKA 1980

Wakati kesi ikisikilizwa, sheria za Marekani zilifuata njia nyingine. Serikali ilikuwa na hataza karibu 28,000 zilizotokana na utafiti iliougharimia, na chini ya 5 katika kila 100 ndizo zilizokuwa zimepewa kampuni. Zilikaa kabatini. Basi Desemba 1980 ikapitishwa sheria inayoitwa Bayh-Dole, kwa majina ya maseneta wawili. Sheria hiyo inaviruhusu vyuo kumiliki hataza za uvumbuzi uliofanywa kwa fedha za serikali, na kuziuza leseni.

Baada ya hapo kila chuo kikubwa kikawa na ofisi ya kuuza uvumbuzi, na nchi nyingine zikaiga. Mfano unaotajwa sana ni uvumbuzi wa Cohen na Boyer wa kuunganisha chembe za urithi. Chuo Kikuu cha Stanford, kwa pamoja na Chuo Kikuu cha California, kilitoa leseni kwa kampuni yoyote iliyolipa. Kampuni 468 zilichukua, na hataza zilipomaliza muda wake mwaka 1997 zilikuwa zimeleta karibu dola milioni 255. Huo ni mfano wa leseni ya wengi, na haukuwafungia watu mlango.

Sheria ile ina kifungu kinachoipa serikali uwezo wa kuingilia kati, kwa mfano bidhaa isipofikishwa kwa wananchi kama inavyopasa. Lakini kwa miaka zaidi ya 40 serikali haikukitumia hata mara moja. Haki isiyodaiwa hulala kitabuni.

DAWA ILIYOFIKA MPAKA KWETU

Kisa kingine kinatugusa zaidi, maana wengi wetu tumewauguza ndugu zetu. Mnamo miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Yale, William Prusoff na Tai-Shun Lin waligundua kwamba dawa iitwayo d4T inazuia virusi vya UKIMWI. Dawa yenyewe ilikuwa imetengenezwa kwanza na mtaalamu mwingine mwaka 1966, katika utafiti wa saratani. Yale ikachukua hataza, na mwaka 1988 ikatoa leseni ya peke yake kwa kampuni ya Bristol-Myers Squibb. Kuanzia mwaka 1994 dawa iliuzwa kwa jina la Zerit, na mrabaha ulikiletea chuo mamilioni ya dola kila mwaka.

Wakati huo Afrika Kusini watu walikuwa wakifa kwa kukosa dawa hiyohiyo. Vyama vya wafanyakazi vya huko, chini ya COSATU, vilisimama pamoja na wagonjwa kudai dawa za bei nafuu. Februari 2001 Madaktari Wasio na Mipaka waliiandikia Yale kuomba dawa inayofanana nayo iruhusiwe Afrika Kusini. Chuo kilijibu kwamba mikono yake imefungwa na leseni. Hapo wanafunzi wa chuo wakaja juu. Prusoff mwenyewe, mvumbuzi, akasema hadharani kwamba anataka dawa yake iwafikie maskini. Haukupita mwezi mmoja. Machi 2001 kampuni ilitangaza kwamba haitaitumia hataza yake kuzuia dawa hiyo huko, na ikashusha bei hadi senti 15 za dola kwa siku.

Kuanzia miaka ya 2000, d4T ilikuwa ndani ya vidonge vya kwanza vilivyogawiwa kwa wingi Uganda, Kenya, Tanzania na Malawi. Baadaye, mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe polepole kwa sababu ya madhara yake, na sasa kuna dawa bora. Lakini kabla ya hapo iliwaokoa watu wengi. Na mlango ulifunguliwa na watu waliojua ni chuo gani kilichoshika hataza, wakaenda kubisha palepale.

Kwa jirani zetu Nairobi pia kuna funzo. Tangu miaka ya 1980 watafiti walikuwa wakiwaangalia wanawake wa mtaa wa Majengo ambao baadhi yao hawakuambukizwa UKIMWI ingawa walikuwa katika hatari kila siku. Ujuzi huo ulisaidia kazi ya kutafuta chanjo, iliyofanywa na watafiti wa Nairobi na wa Oxford. Mwaka 2000 ukatokea mgogoro, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakilalamika kwamba wameachwa nje ya hataza. Jambo hilo likamalizwa kwa mapatano ya kugawana haki. Chanjo yenyewe haikufaulu. Lakini jiulizeni: wanasayansi waligombea fungu lao wakalipata. Wanawake wa Majengo, ambao damu yao ndiyo iliyochunguzwa, waliketi upande gani wa meza?

TUFANYE NINI?

Wapo watakaosema, "Basi tuzivunje mashine." Huko Kericho, Kenya, ugomvi wa mashine za kuchuma chai umedumu miaka mingi. Mwaka 2010 chama cha KPAWU kiligoma kwa ajili yake, na Mei 2023 watu wenye hasira walichoma mashine moto. Hasira yao tunaielewa. Lakini mashine iliyochomwa hununuliwa nyingine, na aliyekamatwa hubaki na kesi yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kiberiti hakiandiki mkataba.

Sisi tunapendekeza mambo haya, na tunaomba kila tawi liyajadili:

1. Mkataba wa pamoja uwe na kifungu cha mashine. Mwajiri atoe taarifa mapema kabla ya kuleta mashine ya kupunguza watu, na akae na chama kuzungumza. Walioko California walidai baada ya miaka kumi na mitano na zaidi. Sisi tudai kabla mashine haijashushwa kwenye lori.

2. Chama kidai hesabu. Ikiwa mashine inaokoa kiasi fulani kwa kila tani, sehemu yake iende kwenye kiinua mgongo cha wanaoachishwa, mafunzo ya wanaobaki, na mshahara wa wanaoendesha mashine hiyo. Hesabu ya mwaka 1970 imetuonyesha kwamba hilo linawezekana.

3. Vyama vyetu vya taifa viulize vyuo vikuu na vituo vya utafiti vya nchi zetu: mnatafiti nini, kwa fedha za nani, na leseni mtampa nani? Palipo na fedha ya umma, wafanyakazi na wakulima wadogo wapewe nafasi ya kusema. Na leseni isitolewe kwa kampuni moja peke yake bila sharti la bei na la kuwafikia wananchi.

4. Uvumbuzi wa mfanyakazi uandikwe. Viwandani wako mafundi wanaobuni kipuri au njia ya kuokoa mafuta, na jina lao halitajwi. Someni sheria za nchi mnakofanya kazi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001, kwa mfano, inasema kwamba uvumbuzi uliofanywa katika kazi ya mkataba ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba ukisema vingine. Lakini uvumbuzi ukiwa na umuhimu mkubwa wa pekee, mfanyakazi ana haki ya kupewa malipo yanayolingana na faida hiyo. Fundi akibuni kitu, aandike tarehe, achore, na amwonyeshe katibu wa tawi kabla ya kumwonyesha meneja. Profesa hupata fungu lake kwa sababu chuo kina kanuni iliyoandikwa. Fundi naye apate yake kwa kuandikiwa katika mkataba.

Ndugu wafanyakazi, hataza ni karatasi, na leseni ni karatasi. Mkataba wetu wa pamoja nao ni karatasi. Waliopata faida ya nyanya za California walikuwa na karatasi mkononi, na vibarua walikuwa na makreti tu. Kabla ya mazungumzo yajayo ya mishahara, kila katibu wa tawi aufungue mkataba wake na atafute neno "mashine". Asipoliona, ajue kazi ya kuanzia ni ipi, naye atuandikie ili tusaidiane kukitunga kifungu hicho.

Umoja ni nguvu.